Rangi Mbili na Maji ya Ubatizo

Nilibatizwa mwaka 2009 katika kijito kimoja upande wa mashariki wa Johannesburg, na nilichopata humo, mbali na wokovu, ni kisigino kilichochanika. Nilikanyaga chupa. Waumini walipiga vigelegele, mimi nikatoka nachechemea, kanzu nyeupe imegeuka rangi ya chai.

Kule mtaani Yeoville nilikokuwa nikisuka nywele, sisi Wakongomani wote tulijua dawa ya kidonda: unafungua rangi mbili, ile kapsuli ya antibiotiki, nyekundu na njano, unamwaga unga wake juu, unafunga kitambaa. Kwetu Uvira mama alitufanyia hivyohivyo. Nikamwaga wiki tatu nzima. Mguu ukavimba, ukaanza kunuka, na wateja wakaanza kukunja pua.

Kliniki walichukua usaha wakaupeleka kupimwa. Niliporudi, nesi alikuwa amenuna. Akasema vijidudu vilivyomo kidondani ni sugu, dawa za kawaida havizisikii. Huko juu ya kijito chenu bomba la vyoo limepasuka, uchafu wa watu wanaomeza dawa kila siku unamwagika kijitoni, na humo ndimo vijidudu vinamozoea dawa. Kisha akanigeukia: huo unga wako umeua vile dhaifu, ukakuachia vile kaidi. Nilimchukia, kwa sababu alisema kweli. Nililazwa, nikatundikiwa dripu, na nusura nikatwe mguu.

Miaka mitatu baadaye ikafika zamu ya binti yangu kubatizwa, kijito kilekile, naye amechubuka goti shuleni. Nikaenda kwa mchungaji, nikakataa.

“Mama, hata Yordani ilikuwa na matope,” akanijibu mbele ya kwaya. “Imani yako ni ndogo.”

“Matope siyaogopi, Mchungaji. Naogopa vyoo. Mtoto wangu haingii mule.”

“Basi hatabatizwa.”

“Tutaona.”

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Mguu wangu nusura niutoe kwa ujinga wangu mwenyewe; wa mwanangu sikuwa tayari kuutoa kwa ujinga wa mtu mwingine.

Tulisali ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya mji, lifti ilishakufa. Jumapili ile mimi na mafundi cherehani wawili wa kanisani tuliazima bwawa la watoto, lile la plastiki la kujaza upepo, tukapandisha maji ya bomba ndoo kwa ndoo. Mchungaji alipofika, bwawa limejaa, na nyuma ya binti yangu wamejipanga watoto tisa na mama zao.

Akatazama maji. Akatutazama. Akavua viatu, akakunja suruali ili aingie, na pale kwenye muundi wake nikaona kitambaa kimefungwa, pembeni yake unga wa njano umeganda.

“Mchungaji,” nikasema, kanisa zima likisikia, “wewe na kidonda hicho utabatizia nje ya bwawa.”

Akapiga magoti sakafuni kando ya bwawa, akamnyooshea binti yangu mikono.