Vipepeo Wasiotaka Maua

Juzi sokoni Musoma nilimwomba mama mmoja ndizi zake zilizooza.

"Dada, unafugaga nguruwe?"

"Nafugaga vipepeo."

Alicheka, akanijazia mfuko. Mimi sikuwa natania. Harufu ile ilikwisha kunirudisha nyumbani kwetu, kilimani upande wa Butiama, ukingoni mwa msitu.

Wewe ungeuona msitu ule kama kitu kimoja. Sisi tuliujua kama nyumba yenye vyumba, kila chumba na wenyewe. Kwenye tope walipokunywa ng'ombe walijaa vipepeo weupe na wa manjano. Palipoanguka mti mkubwa, jua likaingia na maua yakaota, walikuwepo wenye madoa mekundu. Ndani, kwenye majani makavu, walijificha wa kahawia waliochorwa macho mabawani. Huwaoni mpaka ukaribie kuwakanyaga. Na juu vileleni waliishi wakubwa, weusi wenye utepe wa bluu na mikia miwili. Hao maua hawayataki. Walishuka kufuata machicha ya pombe ya mtama ambayo bibi aliyamwaga nyuma ya jiko, pamoja na ndizi zilizovunda. "Walevi wangu wamefika," bibi alikuwa akisema.

Hayo niliyajua kwa kuokota kuni. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la tano, nikashika jembe nimsaidie bibi kulea wadogo zangu watatu. Nilijiapia kwamba nitakuwa wa kwanza na wa mwisho kuacha.

Basi siku moja mdogo wangu wa mwisho, akiwa darasa la nne, alirudi analia. Mwalimu aliuliza kipepeo hula nini. Yeye akaandika: ndizi zilizooza, machicha na mavi ya ng'ombe. Alipigiwa alama nyekundu ya kukosa, na darasa zima likamwita Mama Machicha.

"Siendi tena," alisema. "Mbona hata wewe dada uliacha?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nilijifunga kanga yangu yenye masizi, nikaenda shuleni.

"Binti," mwalimu aliniambia, "kitabu kinasema maua."

"Hakijakosea, mwalimu. Ila hakijafika msituni kwetu. Njoo Jumamosi uone."

Alikuja kweli, na nusu ya darasa nyuma yake, wamekuja kutazama aibu yetu. Niliwapitisha topeni, nikawapitisha penye maua, kisha tukaingia penye giza. Nikaweka chini sinia la ndizi na machicha. Tukangoja. Tukangoja mpaka mmoja akaropoka, "Mama Machicha, wageni wako wamelewa njiani?" Wakaangua kicheko. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Nikamshika bega.

Ndipo kivuli kikakatiza juu yetu. Akatua wa kwanza, akafungua mabawa, na ule utepe wa bluu ukawaka gizani. Akaja wa pili. Walipofika saba walikuwa wanasukumana kwenye sinia kama wazee kwenye mtungi. Kicheko kilikatika. Mwalimu alipiga magoti chini mpaka yakalowa.

"Lete daftari," alinong'ona. Akaikata ile alama, akaweka vema kubwa. "Na dada yako huyu alisoma wapi haya?"

"Kwenye kuni, mwalimu," mdogo wangu akajibu, kichwa juu.

Siku hizi penye maua ni shamba la mahindi, na tope la ng'ombe limekauka. Bibi hayupo, wala machicha yake. Msitu umebaki kipande tu ambacho ukipiga kelele upande huu unasikika ule. Lakini mdogo wangu ni mwalimu wa sayansi, na jana alileta wanafunzi wake. Ndizi zile zilikuwa za kazi hiyo.

Tulingoja kuliko zamani, nusura nikate tamaa. Akaja mmoja tu, mwenye mikia miwili, na watoto wakapiga kelele kama wameona malaika. Mdogo wangu akawanyamazisha, akanisogeza mbele.

"Msalimieni mwalimu wangu."

"Shikamoo mwalimu!"

Mimi, wa darasa la tano, nikaitikia kwa sauti yangu yote: "Marahaba!"