Sauti ya Yaya Bila Korali

Mama alianza kusahau sauti ya yaya, ndugu yetu mukubwa. Yeye mwenyewe njo alisema, asubui moja, tukiwa tunachunga unga ya bukari, ugali, mu kiwanja.

"Sura naiona," akasema. "Lakini sauti inanikimbia. Nafunga macho, haikuye."

Kiisha akaendelea kuchunga.

Yaya alikuwa mutoto wa kwanza kwetu. Siku ya kazi alikuwa anachimba mukuba, shaba, kule ku mashimo ya Mashamba, siku ya Mungu anaimba mu korali ya parokia. Udongo ikamuangukia mu shimo, na simu yake ikabakia naye chini, na masauti yote yenye alikuwa anajirekodi mule. Kile chenye kilibakia ni wimbo moja tu, yenye korali ilirekodi kwa kijana moja wa mu kartie, mutaa yetu, mwenye kuwa na studio kidogo mu chumba yake. Mu ile wimbo, yaya njo anaongoza: yeye anaita, korali inaitika. Lakini kinanda ya sinte iko juu, ngoma ya batri iko juu, na bamama ba korali, eh, bale bamama hakuna mwenye anaweza kubashinda. Mama alikuwa anasema anasikia batu mingi, mutoto yake hamusikie.

Na siku ya kutosha kilio, kumaliza matanga, ilikuwa inakaribia. Siku ile famiya inakusanyika, banaomba, banakula, na mama anavula binguo byeusi. Mama akasema yeye hatavula mbele ya kusikia mutoto yake. Bashangazi balikasirika, basema ni kichwa nguvu. Mi sikukasirika. Niliona tu kama ni kazi, na kazi inafanywaka.

Nimemaliza masomo ya segondere, ordinatere, ile kompyuta, inanijua kidogo. Nikaenda kwa ule kijana wa studio. Akasema ordinatere ya zamani ilikufa, sauti ya kila mutu peke yake ilikufa nayo, kunabakia wimbo yenye kuchanganywa. Lakini kuko logisiel, programu ya ordinatere, yenye kutosha masauti mu wimbo: unatia wimbo yote, inakurudishia masauti upande, batri upande, gita na bingine upande. Kwangu ilikuwa maneno mingi sana ya kusikiliza. Nikamuambia atie.

Ilikuwa inaenda polepole kama mugonjwa. Kuran, umeme, ikakatika, tukaanza upya. Kila mara nilikuwa nainama kuangalia fasi, pahali kazi inafika.

"Masere, dada yangu," akaniambia, "hauko kwa mama wa mikate hapa. Ukiangalia sana haiivi mbio."

Kisha kuiva, tukasikiliza. Batri ilikwenda, sinte ilikwenda. Lakini bamama balibakia, na bababa ba bas, bale ba sauti nzito, bote pamoja na yaya. Nikauliza sasa hii inasaidia nini. Akacheka, akasema logisiel inajua kutenganisha mutu na gita, haijue kutenganisha mutoto ya kwenu na mutoto ya jirani.

Nikamuomba anipatie ordinatere. Yaya anaita peke yake, korali inaitika kisha yeye kuita, basi nitakata kila fasi ya korali. Kijana akaniambia nikate pole, ju kuko fasi bamama banaingia mbele yaya hajamaliza neno. Mi nikakata. Mu fasi moja neno ya yaya ikakatika mukia, nikaiacha vile. Nilikuwa na haraka ya kumupelekea mama. Sauti ilikuwa nyembamba, kama mutu anaimba kichwa mu ndoo, lakini ilikuwa yeye. Nilipoisikia vile peke, nikaitia mu simu, nikatoka.

Nyumbani nikamutia mama ekutere mu masikio. Aliikala ku kitanda, mikono mu magoti. Yaya akaita. Mama akafunga macho, akacheka kidogo.

"Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa."

Kisha kukanyamaza, fasi yenye nilikata. Mama akangoja. Yaya akaita tena. Kukanyamaza tena. Nikaona uso yake inageuka, naye akatosha ekutere moja.

"Anaita nani?"

"Korali, mama."

"Na korali iko wapi?"

"Nimebatosha. Ju umusikie yeye peke."

Akaangalia ile ekutere mu mukono.

"Kule ku shimo shiye, sisi benye kuwa juu, njo tulikuwa tunaita," akasema. "Tuliita mupaka sauti ikaisha, yeye hakuitika. Sasa umenipatia yeye njo anaita, na hakuna mutu wa kumuitika."

Nilisimama palepale. Nikamuambia nitarudia kwa kijana, nitarudisha korali, haitakawia, lete simu. Nikanyoosha mukono. Mama akashika simu kwa nguvu, akaibana ku kifua. Kisha akarudisha ekutere mu sikio na kufinya wimbo ianze upya. Mi sikusikia tena yaya, nilisikia tu mama. Fasi ya kunyamaza ikifika, yeye anaitika. Mama hajaimbaka mu korali hata siku moja, sauti yake inapinda. Akaitika mupaka mwisho. Mi nikaenda kuosha basahani zenye zilikuwa safi.

Siku ya kutosha kilio, korali ikakuya. Nilikuwa nimeeleza mukubwa wao: bafle, ile spika, itatosha sauti ya yaya peke, bo bataitika. Akasema hakuna shida, wimbo banaijua.

Yaya akaita. Hakuna mwenye aliitika. Bamama ba korali bote balikuwa banaangalia chini, mukubwa wao amefunika uso. Mama, na binguo byake byeusi, akaitika peke yake na ile sauti ya kupinda. Yaya akaita tena, na pale ile neno yenye nilikata mukia ikapita. Mama akaimalizia. Kisha moja akaingia, na mwingine, mupaka kiwanja yote.

Korali ikaitika mara ya mwisho. Wimbo inaishiaka pale. Bashangazi balikuwa basha kusimama na kikwembe ya bulu yenye mama atavaa. Lakini mama alikuwa anaangalia bafle, kichwa kidogo pembeni, anangoja. Bafle ilikuwa inavuma tu. Nilifika karibu ya kuizima, mukono tayari.

Nikaiacha ivume. Tukangoja naye.