Mstari wa Nyumbani

Chini kabisa ya hoteli, ukishapita chumba cha kufulia na kabla hujafika kwenye mapipa ya taka, pana chumba chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na minne amewavisha wapishi, wahudumu, walinzi na wapokezi wote wa jengo lile. Jina lake huandikwa kwenye karatasi za mshahara tu. Watu humwita Mama Futi, kwa sababu ya futi kamba ya manjano ambayo haishuki shingoni mwake hata anapokula. Anajua siri za miili ambazo waume na wake wa watu hawazijui, na hajapata kuitoa hata moja nje ya mlango ule.

Siri hizo zimo daftarini. Ni daftari lenye jalada gumu jeusi, la nne tangu aanze kazi, na kila mfanyakazi ana kurasa zake: mabega, kifua, kiuno, nyonga, tarehe. Mama Futi hana shahada ya tiba wala hajawahi kuitamani, lakini daftari lile limemfundisha jambo ambalo watu wengi wenye shahada, na wengi zaidi wasio na kitu ila sauti kubwa, wanalikataa mchana kweupe: kwamba mwili wa mtu mzima una mahali pake. Mhudumu wa ghorofa ya pili alifiwa na mama yake akabaki ngozi na mifupa. Miezi minane baadaye kiuno chake kilikuwa palepale pa zamani, kimepungua sentimita moja tu. Mlinzi wa lango alikwenda likizo kwa dada yake, akalishwa mwezi mzima kama fahali wa maonyesho, akarudi vifungo vikilia. Kabla miezi mitatu haijaisha, bila kukimbia wala kujinyima, alianza kusema hana hamu ya chakula, miguu haitulii, na suruali ikamkaa kama kawaida. Mtu hula sahani zaidi ya elfu kwa mwaka. Hana mizani mezani, hana anayemhesabia matonge, na mwaka ukigeuka fundi anapima anakuta kiuno kilekile. Nani basi anayepima, kama si mwili wenyewe?

Kwa hiyo Mama Futi ana utaratibu wake. Katika kila vazi huacha ndani ya mishono ya ubavuni kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili, na katika akiba hiyo hupitisha bandi ya uzi mweupe, mishono mirefu ya kuweka alama tu, mahali ambapo, kwa ushahidi wa daftari, kiuno cha mwenye vazi hurudi kila mara. Mahali hapo hupaita mstari wa nyumbani. Mtu akikonda, hubana, akinenepa, hufungua, lakini akiba haikatwi na uzi mweupe hautolewi. Mstari wenyewe si wa chuma. Uzazi huusogeza, umri huusogeza, dawa na maradhi pia. Ila huhama pole pole, kwa miaka, na hauhami kwa kufokewa.

Kisha akaja meneja mpya na katalogi.

Katalogi ilikuwa na makoti ya mapokezi ya bluu iliyokoza, yaliyoshonwa tayari kiwandani, kwa saizi mbili ambazo Mama Futi alizipima akaziita ndogo na ndogo zaidi. Tangazo lilibandikwa ukutani: anayeingia kwenye koti jipya atabaki kaunta ya mbele, atakayekuwa hajaingia ifikapo siku ya wamiliki kuja kukagua, miezi mitatu mbele, atahamishiwa stoo ya mashuka. Wapokezi walikuwa wanne, na watatu kati yao walikuwa wembamba tangu kuzaliwa, kwa hiyo tangazo lile, japo liliandikwa kwa wingi wa adabu, lilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Mtu huyo alikuwa wifi yake Mama Futi, dada wa mumewe, mwanamke wa miaka arobaini na tisa aliyesimama nyuma ya kaunta ile kwa miaka kumi na tisa. Kila mtu alimwita Bi Karibu. Angeweza kumtaja kwa jina mgeni aliyelala pale usiku mmoja tu miaka sita iliyopita, na kumwuliza kama goti limepona. Mwaka huo wa katalogi daktari alikuwa amempima presha na sukari akamwambia hana neno, aendelee kutembea kwa miguu kwenda kazini kama alivyozoea. Hilo halikuulizwa na mtu. Katalogi haikuwa na ukurasa wa presha.

Na hapa lazima lisemwe bila kupepesa macho: kuna dharau fulani inayovaa nguo za ushauri mwema. Hukuta mtu mwenye afya yake, kazi yake na heshima yake, ikamwambia kwamba anachokosa ni nia tu, kana kwamba nyama ya mwili ni uvivu ulioganda. Bi Karibu aliishi na dharau hiyo tangu usichana, na kilichouma zaidi ni kwamba alikuwa ameshaanza kuiamini.

Akajinyima. Asubuhi yai moja, mchana tango, jioni maji ya moto aliyoyaita supu ili yasijisikie vibaya. Wiki sita za mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Sentimita tisa ziliondoka kiunoni, na koti lake la zamani, ambalo alikuwa bado analivaa akisubiri kuingia kwenye jipya, likaanza kuning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Akashuka ngazi za chini akicheza mabega, akalivua na kulitupa juu ya meza ya kukatia.

"Kata, wifi."

Mama Futi akajibu kwamba atabana. Kukata hakati, wifi anajua mwenyewe utaratibu wa chumba hiki.

"Ukiiacha hiyo akiba unaniombea nirudi nilikotoka," Bi Karibu alisema, na kicheko kikatoweka usoni mwake. "Wewe ni wifi yangu au ni mwenzake yule wa katalogi? Watu wote wananiambia siwezi. Wewe nawe usiniambie kwa mkasi."

Wanawake hawa wawili walikuwa wamezikiana wazazi na kuleleana watoto. Mama Futi alilitazama daftari kwenye rafu, akamtazama wifi yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne akachagua kutoliamini daftari. Akakata. Vipande viwili vyembamba vya kitambaa vikaanguka sakafuni na uzi mweupe ndani yake. Bi Karibu alipoondoka, fundi aliviokota, akavitia kwenye droo ya vifungo, akaifunga kwa goti.

Wiki iliyofuata baridi ilimwingia Bi Karibu. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa, naye alivaa sweta chini ya koti. Ngazi alizozipanda kwa miaka kumi na tisa zikaongezeka vidato. Akawa anawaza mkate: mkate uliokatwa, mkate mzima, harufu ya mkate, mlango wa jiko unakotokea mkate. Siku moja mgeni mmoja mpole alisimama mbele yake na mkoba, naye akamnyooshea ufunguo kwa tabasamu lake lote.

"Mkate," alimwambia. "Karibu."

Mgeni akashukuru na kuuliza unatolewa saa ngapi.

Aliyewaeleza kinachotendeka, jioni moja nyumbani, ni binti ya Mama Futi, ambaye ni muuguzi na hana subira. Alieleza, akimenya chungwa kwa kuzungusha kisu bila kukata ganda, kwamba mafuta ya mwilini hayalali tu pale kama magunia. Kila saa hupeleka habari kwenye ubongo kwamba tupo, tunatosha. Yakipungua haraka, habari hupungua, na ubongo huanza kujihami. Tumbo hupiga kelele za njaa kwa nguvu zaidi, shibe hukawia kuja, moto wa ndani hupunguzwa, ndiyo sababu ya ile baridi, na misuli hufanya kazi ileile kwa nguvu kidogo kuliko zamani. Kwa hiyo mtu anaweza kula kiasi kilekile kilichomkondesha mwezi uliopita, na mwezi huu kisimkondeshe.

"Shangazi, mwili wako unadhani kuna njaa nchini," binti alisema.

"Basi uuambie hakuna njaa, kuna katalogi."

"Mwili hausomi katalogi, shangazi."

Kaka yake Bi Karibu, mume wa Mama Futi, aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti, alicheka hadi gazeti likatetemeka. Bi Karibu alimwambia yeye anyamaze, yeye ambaye hajawahi kunyimwa kitu tangu azaliwe kitinda mimba. Lakini usiku ule aliomba kipande cha mkate, akala viwili, kisha akasahau kuhesabu.

Zilipobaki wiki mbili, alishuka tena kwenye chumba cha chini, safari hii hachezi mabega. Koti la zamani halikufunga. Mama Futi akaligeuza ndani nje, akafungua mshono wa ubavuni kwa mazoea ya mkono, na mkono ukasimama. Hapakuwa na kitu cha kufungua. Akayashika makoti ya katalogi, akayageuza nayo: kiwanda kilikuwa kimekata hadi ukingoni, bila hata upana wa ukucha.

Bi Karibu aliketi juu ya kasha la nyuzi. Kwanza alicheka. Kisha akalia, kidogo na kwa adabu, kama mtu anayepiga chafya mbele ya wageni.

Mama Futi akashusha daftari na kumfungulia kurasa zake. Miaka kumi na tisa ilikuwa pale kwa wino wa rangi tofauti. Mara nne kiuno kilishuka: kabla ya harusi ya binamu yao, baada ya homa, mwaka aliposhindana na jirani kukonda, na sasa. Mara zote kilipanda tena, kikasimama kati ya namba tatu zinazofuatana, ila baada ya mtoto wa pili namba hizo zilisogea mbele kwa sentimita nne zikatulia huko. Ulikuwa mwendo wa saa ya ukutani, kwenda na kurudi.

"Mbona hukunionyesha siku ile?"

"Nilitaka mimi niwe nimekosea, wewe uwe umepatia," alisema Mama Futi. "Nisamehe, wifi. Nilikata nyumba yako."

Siku nne kabla ya ukaguzi, meneja mwenyewe alishuka ngazi zile na suruali mkononi. Alikuwa amefika hotelini miezi mitano kabla akiwa mwembamba kama kalamu, matunda ya majuma kadhaa ya kuishi kwa juisi ya mboga. Sasa alihitaji suruali yake ya sherehe ifunguliwe kidogo, kidogo tu, kwa sababu dobi aliirudisha imesinyaa. Mama Futi hakubishana kuhusu dobi. Alimsimamisha mbele ya kioo akiwa na soksi, akamzungushia futi kamba, akaandika. Halafu akaigeuza suruali na kuiweka chini ya taa.

Akamwonyesha. Suruali ile ya miaka mingi ilikuwa imebanwa mara tatu na kufunguliwa mara tatu, na mafundi watatu tofauti, kila mmoja na mkono wake. Matundu ya sindano yalionekana kama nyayo. Kubana kulikuwa kwa namna namna. Kufungua kote kuliishia mahali pamoja.

"Mimi nakimbia kila asubuhi," meneja alisema. Sauti yake haikuwa ile ya matangazo.

"Najua. Nakuona ukirudi. Ndiyo maana nasema hili si uvivu." Mama Futi alimvisha suruali, akabana pini midomoni, akazitoa moja moja akizichomeka. "Ni mwili wako unakutunza. Ungekuwa unakwenda popote unapopelekwa, ungekwishakufa ulipougua mara ya kwanza. Na wifi yangu naye si mvivu, meneja. Kiuno chako kimerudi kwao, na hakuna aliyekupeleka stoo ya mashuka."

Ni vigumu kwa mtu kuwa meneja akiwa na soksi, pini zimemzunguka. Alijitazama kwenye kioo kilichopasuka, akavuta tumbo ndani, akaliachia, akalitazama lilivyorudi. Kitu kama kicheko kikampita puani.

"Hayo makoti yanafunguka?"

"Hayafunguki. Lakini yapo matano ya ile saizi ndogo zaidi, na hajatokea binadamu aliyeingia."

"Yatumie," alisema meneja. Alipofika mlangoni akageuka. "Na hili la suruali..."

"Suruali gani?" aliuliza Mama Futi.

Alichana makoti mawili akapata moja. Ubavuni alitia vipande virefu kutoka kwapa hadi nyonga, vilivyokaa vizuri hata mtu angedhani ndiyo mtindo, na ndani yake akaacha akiba ya vidole viwili. Kisha akafungua droo ya vifungo, akavuta uzi mweupe kutoka kwenye vile vipande alivyovikata, akautumia huohuo.

Siku ya ukaguzi wamiliki hawakutazama kiuno cha mtu. Mmoja wao, mzee wa fimbo, alisimama mbele ya kaunta akifurahi kuulizwa habari za goti lake, na akataka kujua kwa nini wapokezi wale wengine watatu wamebanwa hivi kama barua, wakati koti la mama huyu linapumua. Meneja, aliyekuwa akipumua vizuri mwenyewe, alisema wapo mbioni kubadilisha yote. Wiki iliyofuata majora ya kitambaa yalishushwa chumba cha chini, na tangazo la ukutani likatoka likiacha alama nne za gundi.

Mchana wa siku hiyohiyo ya ukaguzi Bi Karibu aliketi kwenye meza ya wafanyakazi, koti jipya limefungwa vifungo vyote. Akajipakulia alichotaka, akala bila haraka, akaacha aliposhiba. Kabla ya hapo tu, kipande cha kwanza kilipofika mbele yake, alikitazama kwa tabasamu lake la kaunta, lote.

"Mkate," alikiambia. "Karibu."