Mbuzi Ndani ya Chumba cha Kufulia

Wenzangu tuliokulia Alby, hapa Sweden, mnaikumbuka ile harufu ya mwezi wa nne? Theluji imeyeyuka, changarawe waliyoimwaga njiani wakati wa baridi inakwaruza chini ya viatu, na nyuma ya majengo inatoka harufu ya samadi. Watoto wa leo wakiisikia wanaziba pua. Kwetu samadi ilikuwa tangazo. Ilimaanisha bustani ya mtaa inakaribia kufunguliwa, na Jumamosi hatutashinda dirishani tukihesabu magari.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Mabanda mawili ya mbao mekundu, kuku kumi na kitu, sungura, kondoo wawili wenye kiburi, na mbuzi jike mmoja mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Aliitwa Lingon. Msimamizi alikuwa Gunilla, mama mstaafu mwenye buti za mpira na sauti ya kamanda. Kabla lango halijafunguliwa kwa wageni kutoka mji mzima, sisi watoto ndio tuliofanya kazi, na nasema kazi. Tulizoa majani machafu mabandani na kuweka makavu, tukakwangua kinyesi cha kuku, tukaotesha njegere ndani ya paketi tupu za maziwa. Ujira wetu ulikuwa andazi la mdalasini na juisi iliyozidishwa maji. Mwambie mtoto wa leo akwangue kinyesi cha kuku uone. Atakuuliza kama kuna glavu, kisha atakuuliza kama kuna intaneti.

Nilikuwa na miaka tisa, na hata mwaka haukuwa umetimia tangu tufike kutoka Uvira. Kazi ya kumpiga Lingon brashi ilikuwa yangu na Nakato, jirani yetu Mganda aliyekuwa na maneno mengi kuliko redio. Shuleni nilikuwa bubu, Kiswidi kilinikwama kooni. Lakini kwa Lingon nilimwaga yote kwa Kiswahili: nani kanicheka, nani kanisukuma, jinsi ninavyomkumbuka bibi. Yeye alitafuna maganda ya karoti huku akinitazama. Hakuna mtu Sweden nzima aliyenisikiliza vile. Nilimpenda yule mbuzi, nasema wazi.

Sasa, wiki moja kabla ya kufungua, Gunilla akatukusanya. Akasema Jumamosi ijayo wageni wanakuja, wengi sana, kwa hiyo Lingon ale vizuri, aoshwe, ang'ae. Kisha akatoa mfukoni kisu kidogo kilichopinda, akaanza kukinoa juu ya jiwe.

Nikamtazama Lingon, nikakitazama kile kisu. Ninyi mliotoka tulikotoka mnanielewa. Kwetu, mbuzi akianza kulishwa vizuri kwa sababu wageni wanakuja, unajua anaelekea wapi. Uvira nilikuwa na wangu, nilimwita Sultani. Siku mjomba alipoleta wakwe zake kutoka Bujumbura, mimi mwenyewe ndiye niliyemlisha Sultani maganda ya ndizi tangu asubuhi, nikavimba kichwa kila mtu alipomsifu. Jioni nilipewa ubavu kwenye sahani, nikaula wote, nikalamba na vidole. Ndipo nilipouliza Sultani yuko wapi. Watu wazima wakatazamana, na shangazi akaniongezea mchuzi.

Nikakimbia nyumbani kwa Mama nikilia. Nilitegemea anionee huruma. Loo! Mama alipiga makofi.

"Kumbe hawa Wazungu wako na heshima!" akasema. "Wanachinjia wageni mbuzi! Lakini watamupika namna gani? Hawa watamuchemsha na maziwa. Hapana, mi nitaenda kuwasaidia."

"Mama, ni Lingon!"

"Furaha mwanangu, wageni ni wageni." Akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaanza kuhesabu vitunguu. Tangu tufike Sweden sikuwa nimemwona na furaha kama ile. Wiki nzima aliimba jikoni, na mimi wiki nzima nilipanga wizi.

Mnajua chumba cha kufulia cha jengo kilivyo kitakatifu katika nchi hii. Unaandika jina lako kwenye orodha ukutani, na ikifika saa yako hakuna kiumbe anayeingia. Jumamosi asubuhi ilikuwa saa yetu, na Mama, kwa homa yake ya mbuzi, alikuwa ameisahau kabisa. Nikachukua ufunguo. Kulipopambazuka nilifungua komeo la bustani, nikamtoa Lingon kwa maganda ya karoti, naye akanifuata taratibu kama anaenda kanisani. Njiani tulikutana na mzee mmoja na mbwa wake. Mbwa aliganda. Mzee alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema "hej", yaani habari, akaendelea na safari. Waswidi jamani! Hata ukipita na tembo hawakuulizi.

Ndani, Lingon alijitazama kwenye kioo cha mashine, akajipenda. Kisha akaila orodha ya kufulia, kuanzia Jumatatu. Nilimwacha ale, nikakaa sakafuni nimemkumbatia shingo. Nilikuwa sijafikiria kitakachofuata. Labda nilidhani tutaishi mle.

Hazikupita saa nyingi nikasikia ngumi mlangoni na sauti ya Nakato, mtu pekee aliyejua siri yangu.

"Furaha, fungua! Mama yako! Wanasema amemkula mbuzi!"

Alinieleza huku anahema. Mama alikuwa amefika langoni na sufuria yake kubwa ya sherehe, vitunguu, tangawizi, pilipili, na kile kisu chake cha nyama amekifunga ndani ya kitenge. Alifika wakati uleule Gunilla anazunguka mabandani akimwita Lingon huku machozi yanamtoka. Gunilla akamuuliza kama ameona mbuzi. Mama, ambaye Kiswidi chake chote kilikuwa "hej" na "tack", yaani asante, alisikia jina la Lingon, akatabasamu, akafungua kitenge kuwaonyesha kisu. Wageni wote wakarudi nyuma. Mtu mmoja akasema aitwe polisi.

Polisi! Sisi hatukutoka kwetu tukiwa na urafiki na watu wenye sare. Nilimtazama Lingon, na kipande cha karatasi kimemning'inia mdomoni. Nikimleta, watamla. Nikimficha, watamchukua Mama. Nililia mpaka kamasi zikanifika kidevuni, nikamwambia Lingon anisamehe, nikashika kamba.

Tulipoingia bustanini watu wakatupisha. Mama alikuwa peke yake katikati, amekumbatia sufuria kifuani, midomo ameibana, macho chini. Vile vile alivyosimama mpakani siku tuliyotoka. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko habari zote za mbuzi.

Basi kile Kiswidi kilichonikwama tangu tufike kikatoka chote kwa mkupuo. Nilipiga kelele kwamba ni mimi niliyemchukua, Mama hajafanya kitu, mmwacheni. Halafu nikasema, "Lakini tafadhali msimle. Wageni wale kitu kingine."

Gunilla akauliza, "Nani anataka kumla?"

Nikamwonyesha kile kisu kilichopinda mkandani mwake. Akakitazama. Akaitazama sufuria ya Mama. Akanitazama mimi, na uso ukambadilika.  Alipiga goti kwenye tope, akainua mguu wa Lingon, akakata kipande cha kwato, kikadondoka kama ukucha.

"Ni kwa kwato tu," akasema. "Wageni wanakuja kumtazama."

Nikamtafsiria Mama. Mama alinifanya nirudie mara mbili.

"Kumutazama? Watu wametoka mjini kuja kutazama mbuzi? Halafu wanarudi nyumbani na njaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Yesu wangu!" Akaanza kucheka, kicheko kile cha kushika tumbo. Gunilla naye akacheka, na machozi bado yako mashavuni.

Sufuria haikurudi tupu. Gunilla alikuwa na soseji tu, za kuchoma, kavu kama vijiti. Mama alikaanga vitunguu na tangawizi na pilipili, akazimwagia juu. Mzee mmoja alikunywa glasi nne za juisi, jasho linamtoka, akarudi kupanga foleni tena.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwomba Mama msamaha. Akasema, "Tangu tufike hapa, sisi ndio wageni kila mahali. Ofisini wageni, kwa shule yako wageni, hata kanisani. Nilifikiri leo na mimi nitapokea watu." Nikamshika mkono. Mwaka uliofuata, Gunilla aligonga mlango wetu wiki moja kabla, akamwomba Mama aje na sufuria. Hajakosa hata mwaka mmoja tangu hapo.

Lingon alikufa kwa uzee, meno yameisha, hakuliwa na mtu. Gunilla sasa yuko nyumba ya wazee, na kile kisu aliniachia mimi. Siku hizi watu wanajiandikisha kuja bustanini kwa simu, na kuna kibao cha kukukumbusha kunawa mikono kila hatua tatu. Binti yangu wa miaka kumi namwita kwa Kiswahili aje tupige mbuzi brashi, ananijibu "strax, mamma", yaani sasa hivi, na hiyo sasa hivi inaweza kufika Krismasi. Akija, anampiga mbuzi picha arobaini. Siri hata moja hamwambii. Nacheka, lakini namwonea huruma pia. Ana marafiki mia ndani ya ile simu, na mimi nilikuwa na mmoja tu, aliyekula orodha ya kufulia.

Jumamosi iliyopita tulifungua tena. Mama alikaa kwenye kiti langoni kwa sababu ya magoti, na sufuria ileile imejaa maharage. Nilikuwa nakinoa kisu nilipomwona mtoto wa kike wa familia ya Kirundi iliyohamia jengo letu juzi tu. Amekamata kamba ya mbuzi wetu mpya kwa mikono yote miwili, na macho hayatoki kwenye kisu changu. Binti yangu alimpiga picha, akidhani anacheza.

Mimi nilijua. Nikakificha kisu, lakini kabla sijafungua mdomo Mama alikuwa ameshamwita.

"Kuja hapa, mama. Wageni watakula maharage. Huyo haliwi. Huyo na yeye anapokea wageni, kama sisi."

Mtoto alimtazama Mama, akaitazama sufuria. Akaja na mbuzi wake nyuma, akafunua kifuniko cha sufuria, akainama akaangalia mpaka chini. Ndipo akaiachia kamba.