Chini ya Jedwali la Mwalimu Orpha

Mwalimu Orpha alichora jedwali la kuzidisha kwa rangi ya mafuta, likajaza ukuta wote wa nyuma wa darasa lake, katika shule moja kongwe upande wa Kamatanda, mtaa wa wachimbaji wa madini. Kila asubuhi mtoto mmoja alishika fimbo, akagusa namba ya juu na ya pembeni, akaifuata mistari mpaka kwenye jibu, na wenzake wakaitikia kwa sauti moja. Hata waliorudia mwaka walitoka kwake wakiijua saba mara nane bila kuhesabu vidole.

Mvua zilipoanza alisikia kitu. Watoto wakiimba jedwali, hakikusikika. Lakini alipouliza, "Sita mara tisa?" na darasa likanyamaza likifikiri, chini ya sakafu paligongwa: ngo, ngo. Kimya. Kisha tena.

"Ni makamio ya ku barabara, Madame," alijibu direkta wa shule, Jean-Luc, alipoulizwa, akionyesha malori yaliyokuwa yakipita.

Ufa mwembamba ukapanda kutoka sakafuni, ukaipasua safu ya saba. Orpha aliuziba kwa simenti, akaandika namba upya. Ulirudi mpana zaidi. Shekina, binti wa mchimbaji Numbi, alipogusa jibu lake, ncha ya fimbo ilizama ukutani.

Jioni Orpha alimkuta Numbi uani kwake, ananawa udongo.

"Baba Shekina, kuko bantu banachimba chini ya masomo, chini ya kalasi yangu?"

"Miye siko najua, Mwalimu."

"Niko naulizia juu ya batoto."

"Nimesema siko najua." Akamwaga maji, akaingia ndani.

Kesho yake Shekina hakuja. Ikasemwa ana malaria. Kisha Merdi hakuja, kisha Clovis. Baba zao nao walikuwa wachimbaji. Orpha aliyatazama madawati matupu mpaka akaelewa. Akawatoa watoto wote, akawapeleka kwenye kanisa la jirani, akachora jedwali jingine juu ya katoni.

Direkta alimfuata huko. "Nani alikupa ruhusa? Rudisha batoto mu kalasi."

"Ingia weye kwanza," Orpha alisema. "Simama karibu na ukuta, unyamaze, usikilize."

Hakuingia.

Siku chache baadaye, mvua ikinyesha, sakafu ya darasa ilizama na ukuta ukaifuata. Kanisani watoto walikuwa katikati ya jedwali la tisa. Waliendelea kuimba mpaka walipoona mwalimu wao amegeukia dirisha.

Numbi alikuwa chini, shimoni, na wenzake. Wengine walitolewa hai. Yeye hakupatikana.

Baada ya matanga, mkewe Angèle alimrudisha Shekina masomoni, kule kanisani. Alisubiri mtoto aketi, kisha akauliza polepole, "Mwalimu, bwana yangu alikwambiaka kitu?"

"Kwa mudomo, hapana. Lakini alimuzuia Shekina. Ni vile nilijua."

Angèle alitikisa kichwa. "Kama alijua, juu ya nini yeye mwenyewe alishuka?"

Orpha alimshika mkono. Kisha akamketisha kwenye benchi, karibu na Shekina.