Mgeni Aliyetandika Kitanda Chake

Nitakalosimulia hapa hamtaliamini, na asiyeamini nimempa ruhusa mapema ili tusigombane katikati. Linamhusu dada yangu, ambaye mji mzima unamwita Funguo kwa sababu ya lile rundo analofunga kiunoni. Akitembea, utadhani mbuzi aliyevishwa njuga. Ukisikia mlio umekoma, jua amesimama mahali anakusikiliza.

Funguo ana nyumba ya wageni, ya bati, mwisho wa barabara ya mchanga. Ukiipita, unalowa maji ya bahari. Wenye masanduku ya magurudumu huteremkia hoteli kubwa iliyo nyuma ya majabali. Kwake huja wenye begi mgongoni, waliotembea kutoka njia panda ili wasilipe pikipiki, wakiuliza kitanda cha bei ya chini kabisa na kama maji ya kunywa ni bure.

Hoteli hiyo inakitaka kiwanja chake. Meneja alikuja kwanza na tabasamu, akarudi na afisa wa afya, na mara ya mwisho akasimama mlangoni, akasema polepole: "Mama, likipatikana lalamiko moja tu la uchafu kutoka kwa mgeni wako, leseni basi." Tangu siku hiyo dada yangu hakuona tena mgeni. Aliona wapelelezi waliovaa ndala.

Basi akaja mmoja, mwanamke kijana, begi dogo. Kila mgeni akifika, swali la kwanza ni bahari iko wapi, ingawa inamngurumia masikioni. Huyu aliuliza, "Dada, shuka mnafulia wapi?"

Funguo akasimama, mlio ukakoma. "Kwenye maji," akajibu. "Kwenu mnafulia kwenye nini?"

"Aa, nimeuliza tu."

Dada yangu alinikuta jikoni, akawa anamchungulia mgeni kupitia upenyo wa dirisha. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema. "Ya huyu ni ndefu, inafika nyuma ya majabali."

"Mwache mtoto wa watu apumzike."

"Wewe hata mwizi akikuamkia unamwita mkwe."

Asubuhi mgeni akaenda ufukweni. Funguo akaingia na ufagio, akakuta kitanda kimetandikwa. Wala si ule utandikaji wa wageni, wa kuvuta shuka juu ya vurugu na kukimbia. Pembe zilikunjwa kama bahasha, shuka ya juu imerudishwa kiasi cha kiganja, na foronya haina hata kunyanzi moja. Kitanda cha namna ile alikuwa amekiona mahali pamoja tu: hotelini, kupitia madirisha, enzi zile alipokuwa akiwapelekea mayai.

Akakivuruga chote. Kisha akatega: akamwaga mchanga kidogo chini ya mkeka, akazifunga funguo zake kwa kitambaa zisilie, akanyata nje. Jioni mchanga haupo, na kioo cha dirisha, ambacho hakijaguswa na tambara tangu shemeji yangu alipokuwa hai, kinang'aa hadi nzi wanakigonga.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Anasafisha ili aseme palikuwa pachafu."

"Angetaka kusema hivyo, si angeuacha uchafu?"

"Ndivyo wanavyotaka ufikiri."

Kesho yake akamfuata. Alijificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, ingawa kwa mwili ule wa dada yangu, mtumbwi ndio uliojificha nyuma yake. Mgeni alikuwa amelala mchangani, macho kafumba, kama wageni wote. Mara kwenye majabali akatokea mwanamume mwenye sare nyeupe ya hoteli. Wakashikana mikono. Akampa kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akaondoka huku akigeuka nyuma.

Mgeni aliporudi alikuta begi lake kizingitini, na Funguo kando yake, mikono kiunoni.

"Rudi kwa waliokutuma."

"Dada, nimekosa nini?"

"Kule nyuma ya majabali unafanya kazi gani?"

Binti akatazama chini. "Natandika vitanda."

Funguo akanigeukia na jicho la mtu aliyeshinda kesi.

"Lakini niko likizo, dada! Nilitaka kulala, walau mara moja maishani, kwenye kitanda alichotandika mtu mwingine. Na uwezo wangu unaishia kwako. Sasa nikalala, nikasikia pembe zimelegea, mikono ikaniwasha. Nikiona mchanga, vidole vinatembea vyenyewe."

"Na yule mwenye sare?"

"Mume wangu, mpishi. Likizo hatupewi pamoja. Ameniletea mkate."

"Uongo mtamu ni ule wenye mume ndani yake. Meneja hajakutuma?"

Hapo binti akakunjua karatasi ya mkate, akaikunja tena. Nami nikaacha kutafuna muhogo wangu.

"Alisema nikirudi nimweleze palivyo. Alisema kuna cheo."

"Ehe! Nawe utamweleza nini?"

"Ningemweleza pembe zimelegea. Sasa nitasemaje, na nimezikaza mwenyewe? Nikisema chumba ni kichafu, nimesema sijui kazi yangu."

Funguo akamkodolea macho mpaka mimi niliye kando nikaanza kujiona mkosaji. Kisha akachomoa ufunguo mmoja.

"Ingia. Vua shuka zote. Leo natandika mimi. Wewe simama pale, mikono mgongoni, uniambie ninapokosea. Ukigusa tu, begi lako liko nje."

Akatandika, binti akimwelekeza kwa kidevu. "Vuta. Hapana, chini kwanza. Kunja. Haya, sasa sukuma ndani." Alipomaliza, binti alijilaza na ndala zake miguuni, akalala mpaka wageni wengine walipokuwa wamerudi kutoka kuogelea.

Likizo ikaisha, binti akaenda zake. Alimwambia nini meneja, hatukujua. Kila pikipiki iliyonguruma, mlio wa funguo ulikoma. Foronya dada yangu alizihesabu, zikatimia, akazihesabu tena kwa sababu zimetimia.

Hatimaye afisa wa afya akaja, akaingia chumba kile kile, akavuta pembe ya shuka. Haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, akakanyaga ukuta, kofia ikaanguka, jasho likamtoka, kitanda kikang'oka kikamburuta hadi ufukweni, na wimbi la kwanza likam—

"Kaka." Funguo yuko nyuma yangu, anasoma ninayoandika, funguo zimefungwa kitambaa. "Alivuta kwa vidole viwili, akasema sawa, akaondoka. Futa hapo."