Wimbo Usiojibiwa

Mimi si mtu wa kujisifu, ila ukweli usemwe: katika parokia yetu pale Ibanda hakuna aliyejua Kikorea isipokuwa mimi. Nilijifunza kwenye simu, kwa filamu za mfululizo na masomo ya bure, huku nikichambua sambaza za mama, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nilianza na maneno ya muziki kwa sababu naimba katika korali, kwaya ya kanisa, tangu utotoni. Jambo ukilijua vizuri kwa lugha yako, jina lake la kigeni hukaa kichwani bila kusukumwa.

Wimbo ni norae. Ala ya muziki ni akgi. Ngoma ni buk, neno jepesi kabisa. Kilichonitoa jasho ni vitenzi. Sisi tunapiga kila kitu: ngoma, gitaa, filimbi, violini. Mkorea anagawa. Ngoma na gitaa anazipiga, chida. Filimbi anaipuliza, bulda. Violini anaisugua kwa upinde, kyoda. Nilikuwa nikiyarudia maneno hayo nikiosha vyombo, na mama akitikisa kichwa.

"Mutoto wangu, hiyo Kikorea yako itauzisha sambaza?"

Mama ana meza ya sambaza kwenye soko la Nyawera. Mimi nilikuwa na diploma yangu ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na kazi sina. Alinipa muda mpaka Pasaka. Baada ya hapo ningekaa naye mezani. Sidharau sambaza, ndizo zilizonisomesha. Lakini sikutaka, na nilimwambia waziwazi.

Ndipo akaja mama mmoja Mkorea, mwimbaji, ambaye mumewe alikuwa amepata kazi mjini. Alitaka kuwafundisha watoto wa parokia muziki kila Jumamosi, na Kifaransa chake kilikuwa cha salamu tu. Padri akanipeleka kwake. Akanionyesha ala zake moja baada ya nyingine, nami nikataja kila moja na kitenzi chake, sikukosea hata mahali pamoja. Akacheka kwa furaha. Akasema kwanza ataimba mbele ya wazazi, Jumapili baada ya misa. Wakimkubali, darasa litaanza na mimi nitakuwa mkalimani wake wa mshahara. Wasipomkubali, hatalazimisha mtu.

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Kabla mgeni hajaanza, rais wa korali, mzee mmoja anayependa utaratibu kuliko chakula, akasimama.

"Bamaman, leo hakuna vigelegele. Bageni banasikilizaka muziki kimya. Mutu asitupatishe haya!"

Mgeni akaketi kwenye mkeka na buk yake. Sauti yake ilitoka chini kabisa, nzito, yenye mikwaruzo, ikapanda hadi mwili ukanisisimka. Na watu kimya, mikono mapajani, kama wako mbele ya hakimu. Mama yangu, mstari wa mbele, alikuwa ameuma midomo. Yeye kusikia wimbo mzuri bila kupiga kigelegele ni ugonjwa.

Kadiri ukimya ulivyozidi, sauti ya mgeni ilipungua. Ngoma ikapoa. Mwishowe akanyamaza, akanigeukia na kuniuliza kwa Kikorea, polepole: "Hawaupendi?"

Macho yake yalikuwa na machozi. Nikaona darasa linaondoka, na mimi naelekea Nyawera.

Hapo nikakumbuka neno moja nililolipata kwenye simu: chuimsae. Ni zile kelele za kumtia moyo mwimbaji katikati ya wimbo: olssu! jotta! Nilikuwa nimedhani ni kazi ya wapiga ngoma wao peke yao. Kumbe mgeni alikuwa akitungoja sisi.

Nikasimama bila kumwomba rais ruhusa.

"Bamaman, anaona hamumupendi! Kwabo pia mutu akiimba banamujibu. Mumujibu!"

Mama hakungoja nimalize. Kigelegele chake kilitoka kama kilikuwa kimefungiwa, na ukumbi mzima ukamfuata. Mimi nikapaza: "Olssu!" Watoto wakaidaka: "Olssu!" Mgeni akafuta macho kwa mkono wa nguo, akaipiga buk kwa nguvu mpya, akaimba kwa namna ambayo sijaisikia tena. Hata rais wa korali alikuwa wima, anapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata nilianza kazi. Asubuhi yake nilikuwa naoga nyuma ya nyumba, nikiimba kwa sauti. Mama alikuwa tayari na beseni lake kichwani, anakwenda Nyawera peke yake. Nikasikia hatua zake zinasimama. Alinisikiliza kidogo, kisha akapaza sauti, majirani wote wasikie:

"Olssu, mutoto wangu! Olssu!"